Uamuzi na Matokeo katika Mijadala ya Mashabiki wa Soka: Kisa cha Kubadilisha Kipa Kabla ya Mikwaju ya Penalti

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mashabiki wa soka wanavyowahukumu makocha kwa maamuzi ya hatari yanayofanywa katika dakika za mwisho za mchezo. Kisa kinachochanganuliwa ni kile cha kumtoa kipa aliyecheza mchezo mzima na kumwingiza mwingine kwa ajili ya mikwaju ya penalti pekee. Kwa kulinganisha matukio ya Salvador (2014), Belfast (2021), Wembley (2022) na Rabat (2025), makala inaonyesha kwamba uamuzi wa aina moja husifiwa au hulaaniwa kwa kutegemea jambo ambalo kocha hakuweza kulijua alipoamua, yaani matokeo. Inaonyesha pia kwamba Kiswahili kina nyenzo zinazoweza kuuficha mkanganyiko huu au kuufichua. Hoja kuu ni kwamba lawama dhidi ya uamuzi ni halali pale tu ambapo ingaliweza kutolewa kabla ya mkwaju wa kwanza kupigwa. Mwisho, makala inaonyesha umuhimu wa kigezo hicho kwa washauri wa sera kupitia kisa cha kuhamishwa kwa wakazi wa Goma mwaka 2021.

1. Utangulizi

Katika nchi za Maziwa Makuu, mjadala unaofuata mchezo wa soka aghalabu huwa mrefu kuliko mchezo wenyewe. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kwenye vijiwe vya madereva wa pikipiki na katika vipindi vya redio, swali linalorudiwa ni moja: kocha alikuwa na sababu gani? Swali hilo ni la haki. Kocha hulipwa ili aamue, na anayelipwa ili aamue hana budi kuulizwa. Tatizo hujitokeza katika namna ya kulijibu. Mara nyingi jibu huanzia kwenye ubao wa matokeo na kurudi nyuma: timu imeshinda, basi kocha ni mjuzi, timu imefungwa, basi kocha alibahatisha.

Mjadala huo si wa kupuuzwa kana kwamba ni porojo za burudani. Makocha hupoteza kazi kwa sababu yake, na wachezaji hubebeshwa aibu isiyowahusu. Katika fainali ya Mataifa ya Ulaya iliyochezwa Wembley tarehe 11 Julai 2021, kocha wa Uingereza, Gareth Southgate, aliwaingiza Marcus Rashford na Jadon Sancho katika dakika ya 120 ili wapige penalti. Wote wawili walikosa, na Bukayo Saka naye akakosa. Italia ikashinda kwa penalti 3 kwa 2. Vijana hao watatu walimiminiwa matusi ya kibaguzi, ilhali Southgate mwenyewe alieleza hadharani kwamba orodha ya wapigaji ilikuwa uamuzi wake. Hukumu iliyopaswa kuchunguza uamuzi iligeuka kuwa adhabu kwa watu.

Zaidi ya hayo, mtu aliyezoea kumpima kocha kwa matokeo peke yake huwapima vivyo hivyo daktari, mkuu wa mkoa na waziri. Kwa hiyo, soka hapa inachukuliwa kama uwanja wa wazi ambamo tabia hiyo ya kuhukumu inaweza kuchunguzwa kwa urahisi: uamuzi huonekana na watu wote, saa yake hujulikana, na matokeo hupatikana katika muda wa dakika chache.

2. Uamuzi mmoja, hukumu mbili

Mfano uliowazoesha mashabiki wengi uamuzi huu ulitokea Salvador, Brazil, tarehe 5 Julai 2014. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia, Uholanzi na Costa Rica zilikuwa hazijafungana baada ya dakika 120. Kocha Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul, ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja katika mashindano hayo. Krul alizuia penalti mbili, na Uholanzi ikasonga mbele kwa 4 kwa 3. Van Gaal alisifiwa kwa ujasiri wake. Siku nne baadaye, mjini São Paulo, Uholanzi na Argentina zilitoka sare ya 0-0 katika nusu fainali. Safari hii van Gaal alikuwa amekwisha kutumia nafasi zake zote tatu za mabadiliko. Cillessen alibaki golini, na Argentina ikashinda kwa penalti 4 kwa 2.

Hata hivyo, mfano unaofundisha zaidi ni wa Thomas Tuchel akiwa na Chelsea, kwa kuwa kocha ni yuleyule, makipa ni walewale na uamuzi ni uleule. Tarehe 11 Agosti 2021, mjini Belfast, Chelsea na Villarreal zilikuwa 1-1 katika mchezo wa Kombe la Super la Ulaya. Katika dakika ya 119 Tuchel alimtoa Édouard Mendy na kumwingiza Kepa Arrizabalaga. Kepa alizuia penalti mbili na Chelsea ikatwaa kombe kwa 6 kwa 5. Baada ya mchezo Tuchel alieleza kwamba uamuzi huo haukuwa wa ghafla: benchi la ufundi lilikuwa limeonyeshwa takwimu za makipa hao katika penalti, na wachezaji walifahamu kwamba jambo hilo lingeweza kutokea.

Tarehe 27 Februari 2022, katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza dhidi ya Liverpool uwanjani Wembley, Tuchel alifanya vivyo hivyo. Safari hii Kepa hakuzuia hata mkwaju mmoja kati ya 11, kisha ikafika zamu yake ya kupiga na akapaisha mpira juu ya mwamba. Liverpool ilishinda kwa 11 kwa 10. Maswali yakawa makali. Mendy alikuwa ameokoa mipira mingi ya hatari katika dakika 120 zilizotangulia. Aidha, wiki tatu tu kabla ya hapo, tarehe 6 Februari, alikuwa amezuia penalti katika fainali ya Mataifa ya Afrika, ambapo Senegal iliishinda Misri kwa penalti 4 kwa 2. Kilichoitwa maandalizi mjini Belfast sasa kikaitwa kiburi.

Katika eneo la Maziwa Makuu, kisa kilicho karibu zaidi ni cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, Kongo na Nigeria zilitoka sare ya 1-1 katika fainali ya mchujo wa Afrika wa kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la 2026. Muda wa nyongeza ulipokaribia kwisha, kocha Sébastien Desabre alimtoa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu. Kongo ikashinda kwa penalti 4 kwa 3, na nahodha Chancel Mbemba akafunga mkwaju wa mwisho.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana vizuri zaidi ukikumbukwa mchezo wa San Pedro, Côte d'Ivoire, tarehe 28 Januari 2024. Katika hatua ya 16 bora ya Mataifa ya Afrika, Kongo iliitoa Misri kwa penalti 8 kwa 7, na aliyefunga mkwaju wa ushindi alikuwa Mpasi mwenyewe. Desabre alimtoa golini mtu ambaye Wakongomani walimkumbuka kwa penalti. Kama Kongo ingalishindwa Rabat, San Pedro ingalikuwa ushahidi wa kwanza katika kesi dhidi ya kocha. Kwa kuwa ilishinda, San Pedro haikutajwa kama kosa. Ukweli wa San Pedro haukubadilika. Kilichobadilika ni haja ya kuutumia.

3. Mahesabu ya uamuzi

Ili uamuzi uchunguzwe bila kusubiri matokeo, inafaa kueleza unavyofanya kazi. Kwa kawaida, takriban penalti tatu kati ya nne huingia wavuni. Kipa mzuri wa penalti hawezi kuugeuza uwiano huo juu chini. Anaweza kuupunguza tu. Ichukuliwe, kwa ajili ya kukadiria, kwamba timu mbili zinalingana na kila mkwaju una nafasi 75 kati ya 100 za kuingia. Hapo kila timu ina nafasi 50 kati ya 100 za kushinda. Sasa ichukuliwe kwamba kocha wa timu moja anamwingiza kipa anayeishusha nafasi ya wapinzani hadi 70. Nafasi ya timu yake kushinda hupanda na kuwa chini kidogo ya 60 kati ya 100.

Makadirio hayo yanafundisha mambo mawili. Kwanza, faida ni ya kweli, na kocha anayeiacha bila sababu anaiacha bure. Pili, uamuzi huo, hata ukiwa sahihi kabisa, utashindwa zaidi ya mara 40 katika kila 100. Yaani, kocha akirudia uamuzi sahihi mara tano, haishangazi akionekana mjinga mara mbili. Belfast na Wembley hazipingani. Zote mbili zinaweza kutokana na uamuzi mmoja uliofikiriwa vizuri.

Faida hiyo ina gharama zake. Kipa anayeingia hajagusa mpira kwa saa mbili. Kipa anayetoka anaweza kuvunjika moyo, na imani yake kwa kocha ikapungua. Nafasi ya mabadiliko iliyohifadhiwa kwa ajili ya kipa haiwezi kutumiwa kwa mchezaji aliyechoka au aliyeumia. Gharama hii ya mwisho ilikuwa kubwa mwaka 2014, wakati kila timu ilikuwa na nafasi tatu tu. Imepungua tangu kanuni ziliporuhusu nafasi tano, pamoja na moja zaidi katika muda wa nyongeza pale mashindano yanapokubali. Kocha mwenye hekima ni yule anayeweka faida na gharama hizi kwenye mizani kabla ya kuinua mkono kumwita mwamuzi.

4. Kwa nini matokeo huimeza hoja

Wanasaikolojia wamekwisha kulieleza jambo hili. Fischhoff (1975) alionyesha kwamba mtu akishajua lililotokea huliona kana kwamba lilitarajiwa tangu mwanzo. Baron na Hershey (1988) waliwapa watu maelezo ya maamuzi, yakiwemo ya kitabibu, ambamo taarifa alizokuwa nazo mwamuaji zilikuwa zilezile na matokeo ndiyo yaliyotofautiana. Wasomaji waliuona uamuzi kuwa bora zaidi pale matokeo yalipokuwa mema, ingawa hakuna kilichobadilika katika fikra za aliyeamua.

Kuna pia suala la kutenda na kutotenda. Bar-Eli na wenzake (2007) walichunguza penalti 286 za wachezaji wa ngazi za juu na kuona kwamba makipa walibaki katikati ya goli mara chache mno, takriban 6 kati ya 100, ingawa kubaki hapo kungaliwafaa mara nyingi zaidi. Maelezo yao ni kwamba kipa aliyeruka akakosa huonekana amejitahidi, lakini aliyesimama akafungwa huonekana amezembea. Kwa kocha mambo ni kinyume. Kawaida yake ni kumwacha kipa aliyepo. Akimwacha na timu ikafungwa, husemwa kwamba penalti ni bahati. Akimtoa na timu ikafungwa, husemwa kwamba amejitakia. Hatari inayoonekana huadhibiwa zaidi kuliko hatari iliyofichwa ndani ya desturi. Ndiyo maana makocha wengi huacha faida ndogo ipotee kuliko kuifuata na kubeba lawama peke yao.

Maelezo mengine hutoka nje kabisa ya uamuzi. Baada ya mchezo wa Rabat, kocha wa Nigeria, Éric Chelle, alidai kwamba mtu mmoja wa upande wa Kongo alikuwa akifanya ushirikina wakati wa penalti. Dai la namna hiyo halimpi kocha wa Kongo sifa wala lawama. Linaufuta uamuzi wake. Shabiki anayesema "ni bahati tu" anafanya jambo lilelile kwa lugha ya upole zaidi.

5. Nyenzo za Kiswahili katika kuhukumu

Mkanganyiko wa uamuzi na matokeo hupata umbo lake katika lugha, na Kiswahili kina sehemu tatu zinazostahili kuangaliwa.

Ya kwanza ni msamiati. Kitendo kimoja huitwa "kusoma mchezo" kikifaulu na "kubahatisha" kikishindwa. Kocha aliyeshambulia kwa nguvu zote mwishoni "amethubutu" au "amejilipua". Aliyelinda bao "ameonyesha ukomavu" au "amepaki basi". Maneno haya yana sura ya kueleza mbinu, lakini kwa kweli hutangaza matokeo. Anayesikia kwamba kocha "alijilipua" hajaambiwa kocha alifikiri nini. Ameambiwa kwamba mambo yaliharibika.

Ya pili ni methali. Kocha aliyebadilisha kipa na kushindwa huambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Aliyesita na kushindwa huambiwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli katika mahali pake, na hilo ndilo tatizo: kwa kuwa zote mbili zipo tayari, matokeo ndiyo huchagua ipi itumike. Methali iliyochaguliwa na matokeo haiwezi kutumiwa kuyaeleza matokeo hayohayo. Matumizi yake yenye nguvu ni kabla ya tukio, pale inapomlazimu mwenye kuamua kupima ipi inamhusu.

Ya tatu, na yenye uzito zaidi, ni kiambishi cha masharti -ngali-. Katika Kiswahili sanifu kiambishi hiki hueleza jambo ambalo halikutokea na ambalo wakati wake umepita, ijapokuwa katika mazungumzo ya kila siku -nge- hutumiwa mahali pake. Chukua sentensi hii: "Tuchel angalimwacha Mendy, Chelsea wangalishinda." Sentensi hiyo haina shaka ndani yake. Inaunganisha sharti na tokeo kana kwamba ni mbegu na mmea. Linganisha na hii: "Tuchel angalimwacha Mendy, huenda Chelsea wangalishinda." Neno moja, "huenda", limerudisha ukweli wa mambo: Mendy naye angaliweza kufungwa mikwaju yote 11. Sentensi ya kwanza inamtia kocha hatiani. Ya pili inafungua uchunguzi kuhusu ukubwa wa "huenda" hiyo. Kwa hiyo, mwalimu wa sarufi anayefundisha -ngali- pamoja na maneno ya kadirio kama "huenda", "yamkini" na "pengine" hafundishi ufasaha tu. Anafundisha namna ya kulaumu kwa haki.

6. Kigezo cha dakika ya 119

Kutokana na mjadala huu, makala inapendekeza kigezo kimoja chepesi. Lawama au sifa yoyote ijaribiwe kwa swali hili: je, ingaliweza kusemwa katika dakika ya 119, kabla ya mkwaju wa kwanza? Kama ndiyo, ni hoja. Kama sivyo, ni taarifa ya matokeo iliyovishwa vazi la hoja.

Kigezo hiki hakimkingi kocha dhidi ya lawama. Katika kisa cha Wembley, shabiki angaliweza kusema katika dakika ya 119 kwamba takwimu za zamani za Kepa zilipaswa kupimwa upya dhidi ya hali ya Mendy, ambaye alikuwa ametoka kuzuia penalti katika fainali kubwa. Hiyo ni hoja halali, na ingalibaki halali hata kama Chelsea wangalishinda. Lakini kusema kwamba Tuchel alikosea kwa sababu Kepa alipaisha mpira si hoja. Vivyo hivyo, katika kisa cha Salvador inawezekana kuuliza kama ilikuwa haki kwa Cillessen kutofahamishwa mpango huo mapema, wakati Krul alikuwa ameujua. Swali hilo linasimama ingawa Uholanzi ilishinda. Kigezo kinachoruhusu kumkosoa mshindi kina thamani kuliko kile kinachowakosoa walioshindwa peke yao.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba matokeo nayo ni ushahidi. Ni kweli, lakini ni ushahidi hafifu yakiwa ya mara moja, na huongezeka nguvu yanaporudiwa. Kocha anayeshindwa mara nyingi kwa uamuzi wa aina moja anastahili kutiliwa shaka. Aliyeshindwa mara moja anastahili kusikilizwa. La pili ni kwamba shabiki hana njia ya kuyaona mazoezi na takwimu za ndani, hivyo matokeo ndiyo dirisha lake pekee. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake halimhusu shabiki bali mwenye kuamua. Asiyeeleza sababu zake huwaachia watu matokeo kuwa kipimo pekee.

7. Kutoka uwanjani hadi kwenye sera

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka karibu na mji wa Goma na kuua makumi ya watu. Siku tano baadaye, matetemeko yakiwa yanaendelea na kukiwa na hofu ya mlipuko wa pili, mamlaka ziliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine wakielekea Sake, wengine Rubavu nchini Rwanda, wengine wakivuka ziwa kuelekea Bukavu. Wengi walikosa malazi na maji safi. Mlipuko wa pili haukutokea.

Kwa kipimo cha matokeo, amri hiyo ilikuwa usumbufu wa bure. Kwa kipimo cha dakika ya 119, swali ni jingine: kwa dalili zilizokuwepo tarehe 27 Mei, je, ilikuwa busara kubaki? Maswali ya halali yapo, nayo yanahusu maandalizi ya makazi, maji na usafiri kwa watu walioamriwa kuondoka. Lakini hayo yangalikuwepo hata kama volkano ingalilipuka tena. Jamii inayomcheka kiongozi kwa sababu maafa hayakutokea humfundisha kusita safari ijayo, na gharama ya kusita hapo haipimwi kwa kombe.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, taasisi ziweke kumbukumbu ya uamuzi kabla ya matokeo kujulikana: taarifa zilizokuwepo, njia zilizozingatiwa, na kadirio la uwezekano wa kila moja. Pili, sababu hizo zielezwe kwa umma kwa Kiswahili kinachoeleweka, zikiwemo nafasi za kushindwa, ili kushindwa kukitokea kusionekane kuwa udanganyifu. Tatu, vyombo vya mitihani na mitaala viipe lugha ya makadirio nafasi katika ufundishaji wa Kiswahili, na mifano ya soka itumiwe, kwa kuwa wanafunzi wanaijua tayari.

8. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba mashabiki hawakosei kuhoji maamuzi ya makocha. Hukosea wanapoyaacha matokeo yahoji kwa niaba yao. Tuchel wa Belfast na Tuchel wa Wembley ni mtu mmoja aliyefanya jambo moja, na anayempa mmoja taji na mwingine adhabu hana budi kutaja tofauti iliyokuwepo kabla ya mipira kupigwa. Desabre naye anastahili kuchunguzwa kwa kipimo hichohicho, ingawa alishinda. Kiswahili hakipungukiwi na maneno ya kazi hiyo. Kinachohitajika ni kuyatumia mapema, wakati kocha, au mkuu wa mkoa, bado ana nafasi ya kuchagua.